Tela la kambi linabanduka ganda la tairi upande wa kushoto, ninunue matairi gani hapa Dar?

Mtembezi_wa_Mbezi
Habari wakuu. Tela ni la kambi, ekseli moja, linavutwa na Hilux. Matairi ni 185/70R14 88T, tyubulesi, kashata (mpira wa juu wenye mifereji) bado nene, namba ya DOT (yenye tarehe ya kutengenezwa) inaishia 2317. Upepo najaza psi 36. Kati ya Chalinze na Morogoro tairi la kushoto limebanduka ganda lote la juu na kung'oa madigadi, lakini ubavu haukupasuka na upepo ulibaki. Duka moja Kariakoo wanasema nichukue saizi ileile ya kampuni nyingine. Safari inayofuata ni Iringa kupitia Mikumi na Kitonga, kisha vumbi ndani ya hifadhi ya Ruaha. Kosa ni la kampuni, la upepo au la tela?

Fundi_Ekseli
Mkuu, kabla ya kuilaumu kampuni, soma hiyo 88. Ni namba ya uzito: tairi moja linabeba kilo 560, basi. Mawili ni kilo 1,120, na hapo ni kwenye gari dogo. Kanuni ya Marekani inasema tairi la gari dogo likifungwa kwenye tela, uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, kwa hiyo unabaki na kilo 509 kila upande. Tela la kambi lenye friji, betri, mtungi wa gesi na tangi la maji linapita hapo bila wewe kuona.

Ganda kubanduka huku upepo umo ni dalili ya joto. Tairi likizidiwa mzigo, ubavu unakunjika kupita kiasi kila linapozunguka, joto linapanda, na sehemu ya kwanza kuachia ni kingo za nyaya za chuma zilizo chini ya kashata, karibu na bega la tairi. Uvimbe mgongoni mwa tairi hutangulia. Tairi lililotembea bila upepo wa kutosha lina alama nyingine: lifungue kwenye rimu, utakuta unga wa mpira ndani na mstari uliosuguliwa kuzunguka ubavu. Na lililopigwa na shimo linakuwa na mikato miwili inayotazamana, pale rimu ilipobana mpira. Kwa hiyo usilitupe kabla ya kulifungua.

DOT 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tela linasimama juani miezi mingi, na tairi lisilozunguka halitoi nta yake ya kujikinga, mpira unapasuka vimstari ubavuni huku kashata zinang'aa kama mpya. Kwa tela, miaka mitano hadi sita inatosha hata kama halijafika kipara.

Kapime uzito kwanza. Yadi nyingi za vyuma chakavu na maghala ya nafaka yana mizani ya malori. Pakia kila kitu, jaza maji, tela likiwa limefungwa kwenye gari. Pandisha magurudumu ya tela peke yake, soma. Kisha sogea ili gurudumu moja tu liwe juu ya mizani na la pili liwe chini, sakafu ikiwa sawa. Rudia upande wa pili.

Mtembezi_wa_Mbezi
Shukrani mkuu. Mizani inasoma kwa hatua za kilo 20. Magurudumu mawili pamoja 1,480. Kushoto 820, kulia 660. Tangi la maji la lita 100 na friji vyote viko kushoto.

Fundi_Ekseli
Jibu ndilo hilo. Hata kwa zile 560 za gari dogo, kushoto umezidisha kilo 260, kulia 100. Halafu sisi tunaendesha kushoto na barabara imeinamia kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo upande mzito unaongezewa tena, na ndio unaokanyaga kingo za lami zilizomeguka. Friji ihamie kulia. Maji, kama unalala sehemu yenye bomba, beba nusu: lita moja ni kilo moja.

MamaTairi_Ilala
Kwenye kununua sasa. Rimu ya 14 tafuta tairi lenye C mwishoni mwa saizi, yaani la gari la biashara. 185R14C ya 102/100 inabeba kilo 850, umebakiwa na 30 tu juu ya 820, hilo siliuzi kwa kazi hii. Chukua 195R14C 8PR (nguvu ya tabaka nane), 106/104: kilo 950 likiwa peke yake (namba ya pili, 900, ni kwa magurudumu pacha kama ya lori, isikuhusu). Herufi N ni kilomita 140 kwa saa, inatosha kabisa. Upepo wake wa juu ni psi 65.

Ukiwa dukani shika mambo haya. Tarehe ya DOT mara nyingi iko upande mmoja tu wa tairi, linageuzwa ili usiione. Mwambie kijana alizungushe. Linunuliwe la mwaka huu au uliopita, na yote matatu, pamoja na spea, yafanane. Mtumba usiweke kwenye tela, na ukikuta mifereji ina kingo kali kuliko kawaida na kina hakilingani, limechongwa upya, liache hapo hapo. Wakikuambia watie tyubu ndani ya tyubulesi "kwa usalama", kataa: vinasuguana na kuongeza joto lilelile unalolikimbia.

Watu wengi wanasahau rimu na valvu. Rimu za aloi za gari dogo kutoka Japani zina alama ya JWL; za magari ya mizigo na mabasi ni JWL-T. Kama yako ni JWL, au imeandikwa uzito ulio chini ya kilo 820, tairi jipya halitakuokoa, tafuta ya chuma ya gari la biashara. Valvu ya kawaida ya mpira, TR413, mwisho wake ni psi 65, yaani baridi uko ukingoni na ikipata joto umepita. Funga ya chuma yenye nati au TR600HP. Bei yake haifiki hata robo ya tairi.

Kigamboni_4x4
Naongeza kuhusu zile tairi za ST za Kimarekani, zilizotengenezwa kwa ajili ya tela, kwani kuna watu wataambiwa ndizo pekee za tela. Zinafaa, lakini soma daraja lake la mzigo. ST205/75R14 ya daraja C ni kilo 798 kwa psi 50, haifiki hata 820 yako. Daraja D ni 925 kwa psi 65. Ambazo hazina herufi ya mwendo huhesabiwa kilomita 105 kwa saa. Na ikiharibika Mikumi utaipata wapi? Hizi za 195R14C zinatumika kwenye magari ya abiria na mizigo kila wilaya.

Upepo: jaza 60 hadi 65 asubuhi kabla jua halijapiga, kwa geji yako mwenyewe, siyo ya kituo cha mafuta. Baada ya saa moja barabarani utasoma 70 na zaidi, usipunguze. Ikizidi asilimia 20 juu ya ile ya asubuhi, tairi limezidiwa. Gusa pia kitovu cha gurudumu kila unaposimama, kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake ni beringi au breki, na joto hilo linapanda hadi kwenye tairi.

Kwenye vumbi watu hushusha hadi 35. Kwa mzigo huo, sikubaliani: mwisho psi 55, mwendo chini ya kilomita 50 kwa saa, na jaza tena kabla ya lami.

Fundi_Ekseli
Kigamboni kasema sawa. Jambo moja kabla hujalipa: 195R14C ni kubwa kuliko 185/70R14 kwa takribani sentimita 5 za kipenyo, kwa hiyo juu linapanda sentimita 2.5. Pima kutoka juu ya tairi la sasa hadi madigadi, tela likiwa limejaa mzigo. Ukitoa hizo 2.5 unatakiwa ubakiwe na kama 8, la sivyo springi zikibonyea kwenye shimo tairi litakwaruza. Kama hazifiki, inua madigadi, usirudi kwenye tairi dogo.

Na nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 80 za kwanza.

Mtembezi_wa_Mbezi
Nimepima, kuna sentimita 9 tu, zitabaki 6.5. Madigadi ya kushoto tayari yameng'oka, basi yote mawili yachomelewe juu zaidi kwa sentimita 3. Rimu ni JWL.

MamaTairi_Ilala
Basi kabla ya tairi nenda na rimu mkononi, upime matundu ya boliti na tundu la kati, ulinganishe na ya chuma. Tairi watakufungia juu yake.