Diploma ya maabara, shahada ya Muhimbili, baiolojia ya molekyuli au udaktari: ipi inafika kwenye vinasaba?

Mtoto_wa_Vitongoji
Asalaam alaykum. Nimemaliza kidato cha sita hapa Pemba, PCB, nna C ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Nataka kazi ya maabara ya vinasaba. Mdogo wangu ana seli mundu, na tangu niko skuli ya msingi mimi ndiye ninayepanda naye gari kwenda kliniki Chake, kwa hivyo hamu hii sikuiokota mtandaoni. Njia nilizoziona ni nne: diploma ya maabara SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, miaka mitatu, nikilala kwa shangazi Unguja, shahada ya sayansi ya maabara ya afya Muhimbili, mitatu na mwaka mmoja wa mazoezi, shahada ya baiolojia ya molekyuli na bioteknolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au udaktari halafu patholojia, ya kutambua ugonjwa kwa kupima vipande vya mwili. Hii ya mwisho ni ya baba, anataka barazani aitwe baba yake daktari.
Naomba mnilinganishie waliopita huko. Ila msiniambie nifuate moyo wangu, umeshanichosha.

PipetiKavu
Waalaykum salaam dada. Mimi nimepita njia ya tatu, basi nianze na ubaya wake.
Kusoma nilisoma raha. Kutoa DNA kwenye majani ya muhogo, kunakili kipande cha jeni, kukikata kwa vimeng'enya, kusoma herufi zake. Rafiki yangu wa maabara ya afya wakati huo anahesabu chembe nyeupe za damu, nikawa namcheka. Tulipomaliza, hospitali moja ikatangaza nafasi kitengo cha molekyuli, tukaomba wote wawili. Mimi niliulizwa kitu kimoja tu: namba ya usajili. Sina. Shahada yangu ni ya sayansi, baraza la wataalamu wa maabara za afya halinijui. Akachukuliwa yeye, na usiku wa siku yake ya tatu akanipigia simu kuniuliza praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, zinashika kwenye nyuzi joto ngapi.
Kwa hivyo jiulize: unataka jibu la mgonjwa litoke na saini yako? Ukitaka hilo, njia ya tatu peke yake haikufikishi. Ukitaka utafiti, mimi sijaona iliyo nzuri kuliko hiyo.

BiMaabara_Wete
Mwanangu wa Vitongoji, mie nna diploma ya chuo cha afya Mbweni, tangu hakijaingia SUZA. Mwaka wa kumi na nne huu niko benchi. Asubuhi kichocho na minyoo, kisha damu, na katikati makohozi nayatia kwenye mashine ya GeneXpert. Chini ya saa mbili najua kama kuna kifua kikuu na kama dawa ya rifampisini bado inamshinda mdudu, maana mashine inaangalia jeni yake ya rpoB. Hivyo si vinasaba?
Uzuri wa diploma: unaanza kazi mapema, uko kwenu, na ukipata alama nzuri inakufungulia shahada baadaye. Ubaya wake ni dari. Wanakuja vijana wa shahada kukusimamia, nawe ndiye uliyewaonesha pa kutundika koti.

PipetiKavu
Heshima yako Bi, lakini GeneXpert ni birika la umeme. Unamimina, unafunga, unabonyeza.

BiMaabara_Wete
Haya. Birika likiandika kosa saa tisa mchana na mgonjwa kesharudi Kojani, nani anajua kama makohozi yalikuwa mazito au katriji, kile kikopo cha kipimo, ilikaa kwenye joto? Birika?
Na hiyo seli mundu ya mdogo wake binti, unajua ilipewa lini jina la ugonjwa wa molekyuli? 1949. Linus Pauling na wenzake walipitisha umeme kwenye himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, wakaona ya mgonjwa inatembea tofauti na ya mzima. Umbo la DNA lilijulikana 1953. Mpaka leo himoglobini ya mtoto unaweza kuitenganisha kwa umeme hivyo hivyo, jeni yenyewe hujaigusa. Wewe na praima zako umechelewa.

Forodhani_Usiku
😂😂 Pipeti kakauka kweli. Mshahara je? Mbona hakuna anayeutaja?

PipetiKavu
Bi, nimekaa chini. Na nikiri moja ili binti ajue kazi ilivyo.
Maabara ya PCR, ile njia ya kunakili DNA mara nyingi, inagawanywa vyumba. Chumba kimoja unachanganya vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, cha pili unatoa DNA kwenye sampuli, cha tatu unanakili. Unakwenda mbele tu, hurudi nyuma, na koti la chumba cha tatu haliingii cha kwanza. Sababu ni kwamba kipande kimoja cha DNA, mizunguko thelathini ya PCR inakifanya zaidi ya bilioni, na chembe ya hayo ikiruka hewani ikaangukia mchanganyiko wa kesho, kila mtu atasoma ana ugonjwa. Ndiyo maana kila mara tunaweka kichupa kimoja cha maji matupu. Siku moja maji yangu yakawaka, yaani yakasoma yana DNA. Nikafuta meza kwa jiki, nikabadilisha maji, nikafungua vitendanishi vipya, yakawaka tena. Wiki mbili sijatoa jibu hata moja. Mwisho nikaikuta pipeti, kifaa cha kunyonyea matone, ya chumba cha tatu imelala kwenye droo ya cha kwanza, na ina kipande cha plasta chenye herufi zangu. Niliibeba mwenyewe, siku niliyokuwa na haraka ya kuwahi daladala.
Dada, kama hupendi kurudia jambo lile lile kwa utaratibu ule ule, usije. Wenye akili nyingi wasio na utaratibu wanateseka huku.

Dk_wa_Nta
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi ni mpatholojia, niko Dar, kwetu Makunduchi.
Njia ya baba ihesabiwe sawasawa: udaktari miaka mitano, mwaka wa mazoezi, kisha patholojia mitatu. Tisa, bila ile ya katikati utakayopangiwa kituo. Na kwa alama hizo kuomba udaktari unaweza, ila msongamano mnaujua. Marekani mpatholojia anaongeza mwaka mwingine mzima akitaka kubobea kwenye patholojia ya molekyuli.
Unachopata ni kukisoma kipande cha nyama ya mgonjwa na kuandika huyu ana nini. Saratani ya titi, kwa mfano, siku hizi haitoshi kusema ipo. Daktari wa saratani ananiuliza seli zake zina vipokezi vya homoni? HER2, protini inayoichochea saratani kukua, ni ngapi? Ikiwa 3 ni chanya, ikiwa 2 hatujui, lazima kiende kupimwa jeni yenyewe. Dawa inafuata jibu hilo.
Lakini kazi hii inaharibika au kusalimika kabla haijafika kwangu. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa moja tangu kikatwe, kikae humo kwa muda wa saa 6 hadi 72. Nimepokea vilivyokaa wiki mbili kwenye kopo vikisubiri mtu wa kuvipandisha boti. Kwa hadubini bado naona saratani, ila DNA imekatikakatika, kipimo cha molekyuli hakisomi kitu. Aliyeweza kukiokoa ni mtu wa maabara aliyekuwa kisiwani siku ile. Kwa hiyo usidhani mwenye diploma yuko mbali na patholojia ya molekyuli, wakati mwingine yuko karibu kuliko mimi.

Mzee_wa_Maruhubi
Mmesahau mahakama. Kipimo cha nani baba wa mtoto, na vielelezo vya kesi za udhalilishaji, haviendi hospitali, vinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Zanzibar tuna wakala wetu, Maruhubi. Bara wana sheria yao ya vinasaba vya binadamu tangu 2009. Huku baiolojia ya molekyuli inathaminiwa, Pipeti asikate tamaa. Ila ujue utasimama kizimbani kama shahidi, na wakili hatakuuliza kuhusu DNA, atakuuliza bahasha ilikuwa kwa nani Jumamosi usiku. Usipoweza kujibu, herufi zako zote za DNA ni bure.
Usajili nao una jambo: afya si jambo la Muungano. Kusajiliwa Bara na kusajiliwa Zanzibar ni vitu viwili, uliza zote mbili kabla hujalipa ada.

Shamba_Muscat
Salamu kutoka Oman. Niko maabara ya jenetiki hapa, nilianza na shahada ya maabara ya afya. Kazi ya huku ni tele, maana watu wanaoana mabinamu kama sisi, na seli mundu wanayo kama sisi. Jirani zetu wa Saudia tangu 2004 hufungi ndoa bila kipimo cha seli mundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, yaani wana jeni moja ya ugonjwa bila wenyewe kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba. Watu hudhani ukishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamepona.
Kuja huku: vyeti vinahakikiwa na DataFlow, kisha mtihani wa Prometric, na hapo cheti kisicho cha maabara ya afya ndipo kinapokwama. Waliotaka kujiongezea thamani walifanya mtihani wa kimataifa wa ASCP, chama cha patholojia cha Marekani, wa teknolojia ya molekyuli. Nakwambia hivi kwa faida, ila mkija wote Pemba itabaki na nani?

BiMaabara_Wete
Na kwao hapo Pemba pana maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, Wawi, tangu 2000. Kutoka Vitongoji si safari. Ukachukue barua kwa sheha, uombe kukaa hata wiki moja uangalie. Utaona yai la kichocho kwa macho yako kabla hujaamua kumsoma jeni zake.

Dk_wa_Nta
Forodhani, mshahara serikalini unafuata cheti, haufuati mashine unayoiendesha. Diploma chini ya shahada, shahada chini ya daktari bingwa.

Forodhani_Usiku
Ahsante Dokta. Basi mwambieni baba yake yuko sahihi 😂

PipetiKavu
Ningerudi nyuma leo: ya pili kwanza, molekyuli kwenye shahada ya uzamili. Saini unayo, na PCR unaiongeza. Kinyume chake ni kugonga ukuta.

BiMaabara_Wete
Mie ningemwambia diploma, akafanye kazi, ajisomeshe. Mkopo si kila mtu anaupata.

Mtoto_wa_Vitongoji
Nimerudi. Samahani kwa kimya, mdogo wangu alilazwa siku nne, sasa hajambo alhamdulillahi.
Nimejaza Muhimbili ya maabara ya afya mwanzo, SUZA diploma ya pili. Baiolojia ya molekyuli nimeiacha, Kaka Pipeti, na udaktari nimeuacha pia. Fomu za Bodi ya Mikopo ya Zanzibar nimeshachukua. Hospitali niliona dada mmoja wa maabara akija kumtoa mdogo wangu damu, mara ya tatu asubuhi ile, na kabla ya sindano akamwambia jina la kipimo na siku ya jibu. Hakuna aliyewahi kutwambia siku ya jibu.
Baba nimemweleza jana baada ya Isha. Alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kama huko Muhimbili yuko mtu wa kwetu wa kunipokea.

Dk_wa_Nta
Yupo. Mwambie mzee anipigie, na boti uitakayo ni ya asubuhi.