Naomba ushauri: mwongozo wa seva unaoachwa nyuma na toleo jipya
Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Hapa Dodoma ninatunza mwongozo wa seva zetu za Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), ambao mafundi wa zamu huufuata neno kwa neno. Tangu baadhi ya seva zihamie toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, kurasa kadhaa si sahihi tena: amri ya last (inayoonyesha nani aliingia kwenye seva na lini) imeondolewa, na saraka ya /tmp (ya faili za muda) kwa kawaida hukaa kwenye RAM, hivyo faili kubwa zikiwekwa humo hula kumbukumbu. Nimeweka tarehe ya mapitio kwenye kila ukurasa, lakini tarehe haithibitishi kwamba amri imejaribiwa, na wasomaji wakiiona huridhika.

Je, niandike mwongozo tofauti kwa kila toleo, au mmoja wenye alama za matoleo? Na yupo anayejaribu amri za mwongozo wake kwa skripti?