Waarabu wa pwani: waligawanyika vipi?

Mwanachuo_Lamu: Assalaam alaykum. Hapa Lamu twasema "Waarabu" kama kwamba ni watu wamoja. Migawanyiko yao ilikaa vipi?

Gatini: Waalaykum salaam. Anza na asili. Wamanga ni wa Omani. Washihiri ni wa Hadhramaut, huko Yemen, jina latokana na bandari ya Shihr. Huko Hadhramaut kwenyewe kuna matabaka: masharifu (wazao wa Mtume), mashekhe, makabila yenye silaha, kisha masikini wa mijini. Penye moto ni ndoa. Kwa hoja ya kafaa, yaani kulingana kwa nasaba za mume na mke, sharifa hakuozwa asiye sharifu. Hilo ndilo lililowapasua Wahadhrami wa Java, hadi al-Irshad, chama cha waliopinga ubora huo wa masharifu, ikaundwa mwaka 1914.

Mwana_Malindi: Na Wamanga je? Koo za Mazrui na Busaidi ziligombea Mombasa hadi 1837, na wote asili yao Omani!

Gatini: Kweli, ndugu. Ila wengi hukosea wakidhani kila sharifu alisimama na wakubwa. Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliwasomesha watumwa na wanyonge huku mtaa wa Langoni, Lamu. Waungwana wa mtaa wa Mkomani hawakupenda, seuze matwari (vigoma vya mkononi) kupigwa msikitini. Msikiti wa Riyadha ulizaliwa humo.