Msaada: ndege ya plastiki ya marehemu mzee imeachia mkia, na picha yake ya ukutani ina madoa

Mtoto wa Magomeni

Wakuu, habari za Jumapili. Nina mambo mawili, naomba msinicheke kwanza.

Marehemu mzee wangu alifanya kazi East African Airways mpaka shirika lilipovunjika mwaka 1977. Sebuleni kwetu aliacha ndege ndogo ya plastiki, Super VC10, zile zinazokuja vipande vipande kwenye boksi unaziunganisha mwenyewe. Aliiunganisha, akaipaka rangi za shirika, akaandika namba ya usajili 5H-MMT kwa mkono kwa brashi nyembamba. Sisi watoto tulikuwa tunaigusa kwa macho tu.

Juzi nahamisha kabati ili nipake rangi ukuta, ndege ikaanguka. Mkia wote umeachia, ule wa umbo la T, na bawa la kushoto limefunguka mshono. Mpwa wangu kwa nia njema akaweka supaglu kwenye mkia. Haikushika, halafu kioo cha rubani kimekuwa cheupe kama kimeingiwa ukungu.

La pili ni picha iliyokuwa juu ya kabati hilohilo. Ni picha ya kuchapwa ya zamani, bandari ya Unguja na majahazi, wino mweusi, na mtu aliipaka rangi ya maji baadaye. Ina vidoa vya kahawia angani kote, chini kuna alama ya maji ya paa lililovuja, na juu kuna selotepu iliyogeuka rangi ya asali.

Jirani yangu anasema ninunue tina ya kuzimulia rangi lita moja hardware, inamaliza vyote viwili: itaunganisha plastiki na itatoa selotepu. Nimeinunua, lakini mkono unasita. Wajuzi, njooni.

Kitunguu Swaumu

Siti ya mbele. Ikipona utuambie inaruka saa ngapi, nina mzigo wa Mwanza.

Fundi Perspeksi

Mkuu, pole kwa mzee. Na huo mkono uendelee kusita, tina irudishe kabatini.

Mimi natengeneza mabango ya perspeksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, Kariakoo, kwa hiyo kuunganisha plastiki kwa kiyeyusho ni ugali wangu wa kila siku. Kitu ambacho watu hawakielewi ni kwamba ile siyo gundi. Gundi inakaa katikati ya vitu viwili na kuvishika. Kiyeyusho kinalainisha uso wa kipande hiki na uso wa kile, plastiki ya huku inaingiliana na ya kule, kisha chenyewe kinapaa. Kinachobaki ni plastiki tupu. Ni kuchomelea, ila bila moto. Ndiyo maana supaglu ya mpwa haikufaa: yenyewe ni ngumu lakini inavunjika kama kaukau ikipigwa ubavuni, na mvuke wake ndio uliotua kwenye kioo ukakitia weupe.

Ndege za aina hiyo karibu zote ni polistirini, aina ya plastiki ngumu. Kiyeyusho kizuri kwake ni MEK, kirefu chake methyl ethyl ketone. Utaipata kwa wauzaji wa wino wa viwandani, maana zile mashine zinazopiga tarehe kwenye chupa za maji nyingi zinatumia wino wa MEK. Asetoni nayo inayeyusha, lakini inakauka haraka mno kabla hujapanga kipande, na ile ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta na manukato.

Tina ya hardware ni mchanganyiko wa viyeyusho, mara nyingi toluini na asetoni na vingine ambavyo muuzaji mwenyewe havijui. Itayeyusha plastiki, ndiyo. Itayeyusha na rangi aliyopaka mzee, pamoja na hiyo 5H-MMT.

Bomba Nchi Mbili

Watu mnapenda kukuza mambo. Gundi ya mabomba ya PVC inauzwa kila kona, kopo dogo halikufilisi. Mimi fundi bomba miaka kumi na tano, nimeunganishia mpaka jagi la mke wangu. Paka, bana, kesho inarushwa.

Fundi Perspeksi

Kaka Bomba, heshima yako, lakini hiyo imetengenezwa kwa PVC. Ndani yake mna kiyeyusho kikali kiitwacho THF, tena nyingine zina MEK na kingine kiitwacho saikloheksanoni, na ni nzito kama uji wa mgonjwa. Kwenye bomba la nchi mbili lenye ukuta mnene hakuna shida. Kwenye bawa lenye unene wa kucha italainisha mpaka upande wa pili, na kesho utakuta bawa lina bonde. Kushika itashika, sikatai. Ila itashika umbo jipya.

Jagi la shemeji kama lilikuwa PVC au ABS, plastiki nyingine ngumu, sawa. Lingekuwa la plastiki ile laini inayoelea majini, kama ndoo na madumu, isingeshika kitu. Hiyo haikubali kiyeyusho chochote ulicho nacho dukani.

Bomba Nchi Mbili

Jagi lilivuja baada ya wiki, sikutaka kusema. Endelea.

Mtoto wa Magomeni

Hahaha. Fundi, nimekuelewa. Sasa nifanyeje hatua kwa hatua? Na ile supaglu iliyoganda naitoaje?

Fundi Perspeksi

Supaglu usiiyeyushe. Asetoni inaiondoa, lakini inaondoka na ndege. Ikwangue kwa wembe taratibu, malizia na msasa laini sana uliolowa maji. Kioo cha rubani kisugue na dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba, weupe utapungua kama haukuingia ndani.

Kwangua pia rangi yote kwenye sehemu zinazokutana, pamoja na mabaki ya gundi ya zamani. Kiyeyusho hakichomelei kupitia rangi. Hapo ndipo wengi wanakosea, halafu wanalaumu chupa.

Kisha panga vipande vikavu kwanza, vibane kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, vikae kabisa kama unavyotaka. Chukua brashi nyembamba, chovya MEK, gusa mshono mara moja tu. Utaona tone linakimbia lenyewe ndani ya ufa, sentimita mbili tatu, kama chai inavyopanda kwenye andazi. Usipake juu, gusa na uache likimbie. Subiri sekunde kadhaa, kandamiza polepole mpaka uone uzi mwembamba wa plastiki laini unatokeza kwenye mshono. Huo uzi ndio ushahidi kwamba imeungana. Usiufute ukiwa mbichi! Utautandaza na kuacha alama za vidole milele. Iache siku nzima, kisha ukwangue kwa wembe.

Kama kuna pengo, kata vipande vidogo vya plastiki ya aina hiyohiyo, viloweke kwenye MEK ndani ya chupa ndogo ya kioo mpaka viwe uji, zibia nao. Utasinyaa ukikauka, kwa hiyo ongeza siku ya pili.

Kabla ya yote hayo, fanya mazoezi. Kasha gumu la kaseti au la sidii, lile la kuonyesha ndani, kwa kawaida ni polistirini hiyohiyo. Vunja, unganisha, vunja tena.

Na chagua siku kavu. Kiyeyusho kikipaa haraka kinapoza uso wa plastiki, na kwa unyevu wa Dar maji ya hewani yanatua hapohapo, unapata utando mweupe. Mimi wakati wa masika kazi za kioo safi nazifanya mchana jua likiwa kali, au namwambia mteja avute subira.

Mama Wawili

Samahani naingilia. Mnaongelea MEK kama juisi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni, na unashika moto hata kwenye baridi, sembuse joto letu. Jiko la mkaa likiwa kibarazani na wewe uko sebuleni mlango wazi, moto utakufuata. Nilikaa maabara miaka mingi, nayajua haya. Fungua madirisha, zima jiko, watoto wawe nje, chupa ifungwe kila baada ya kuchovya.

Na wewe Fundi, perspeksi unaunganisha na nini?

Fundi Perspeksi

Shikamoo mama. Dikloromethani.

Mama Wawili

Marahaba. Hiyo mwili ukiivuta unaigeuza kuwa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Marekani mwaka 2024 wamepiga marufuku matumizi yake mengi. Feni ya dirishani inayotoa hewa nje, mwanangu, siyo panga boi linalozungusha mvuke humohumo.

Fundi Perspeksi

Nimesikia mama. Panga boi ndilo ninalo, kesho naongeza ya dirishani.

Dada Makaratasi

Nimesubiri mtu aongelee picha, naona wote mko kwenye ndege.

Mtoto wa Magomeni, una madoa matatu na kila moja lina ugonjwa wake, kwa hiyo usitafute dawa moja. Vidoa vya kahawia hutokana na kuvu, au chembe za chuma ndani ya karatasi, au vyote pamoja. Alama ya maji ni uchafu wa karatasi yenyewe: maji yaliusukuma, yakakauka, yakauacha ukingoni. Selotepu ni gundi iliyozeeka ikaingia ndani ya nyuzi.

Ukimwagia tina au MEK hapo juu, gundi italainika kidogo, itasambaa, na itakauka ikiacha mduara mpya mpana kuliko wa kwanza. Wino wa kuchapia nao una mafuta, unaweza kuchuja. Wataalamu wanatumia viyeyusho, ni kweli, lakini tone kwa tone, chini yake karatasi ya kunyonya, na wanajua ni lini waache. Ikishakuwa rangi ya asali na imekauka, hata wao hawaahidi kitu.

Unachoweza kufanya nyumbani ni hiki. Itoe kwenye fremu. Nyuma pengine kuna plaiwudi au boksi, hiyo itupe, asidi yake ndiyo inayoiunguza karatasi. Ilaze juu ya meza safi, ifagie vumbi kwa brashi laini, kuanzia katikati kwenda nje. Kisha kwangua ufutio mweupe kwa kikwangulio cha karoti upate unga, uzungushe juu ya karatasi kwa pamba, kidogo kidogo, uone unavyogeuka kijivu. Usiguse sehemu zenye rangi ya maji. Anza upande wa nyuma, LAKINI angalia kwanza kama kuna maandishi ya penseli, maana ufutio hauchagui. Ile nailoni ya selotepu ikiwa imeshaachia, inua kwa kisu butu. Ikiwa haijaachia, iache.

Mtoto wa Magomeni

Dada, kuosha kwa maji je? Nimeona watu wanaosha picha kama nguo.

Dada Makaratasi

Picha ya wino mtupu huoshwa, nzima nzima, ndani ya trei. Yako ina rangi ya maji, bahari na matanga vitaondoka na maji. Na usilowanishe sehemu ya doa peke yake, ndivyo alama ya maji inavyozaliwa. Siku ukipata ambayo haina rangi, usitumie maji ya kisima, yana chumvi na pengine chuma. Tumia maji ya betri, yaliyotolewa chumvi na madini, siyo asidi ya betri. Soma kopo mara mbili.

Kitunguu Swaumu

Mimi niliweka blichi ya kufulia kwenye cheti cha babu cha mwaka 1958. Kikang'aa kama shati la sikukuu. Mwaka uliofuata kilikuwa cha njano kuliko mwanzo, na nilipokikunja kikakatika kama biskuti. Sasa kiko kwenye bahasha, vipande vinne.

Dada Makaratasi

Pole. Klorini inakata nyuzi za karatasi, na ikibaki ndani inaendelea kula. Mtoto wa Magomeni, ukitaka zaidi ya hapo, kaulize Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert kama wapo wanaomfahamu mhifadhi wa karatasi. Ukiirudisha kwenye fremu, kioo kisigusane na picha, mwambie fundi aweke kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha katikati. Na isirudi kwenye ukuta wa nje, unyevu unapenya.

Mtoto wa Magomeni

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Nimevunja makasha sita ya kaseti za taarab za mama. Kaseti zenyewe ziko salama, asije mtu kuniripoti. Matatu ya mwanzo yalikuwa aibu, la nne lilishika, la sita nimelivuta kwa mikono miwili likapasuka pembeni, mshono ukabaki. Muuza wino alinitazama kama mvuta gundi wa stendi mpaka nilipomwonyesha picha ya ndege kwenye simu, akanipimia robo lita.

Jumamosi saa saba mchana, madirisha wazi, jiko limezimwa. Kweli tone linakimbia! Mpwa alikuwa nje dirishani akaniambia nirudie aone tena, nikamwambia huu siyo mchezo wa sarakasi. Bawa limefunga safi. Mkia umeshika, ila umelala kidogo kushoto, nimegundua asubuhi yake. Kioo cha rubani kimerudi nusu.

Picha: nilipotoa plaiwudi, nyuma kuna penseli, mwandiko wa mzee: "Unguja, Sh 12/50". Nilikuwa na unga wa ufutio mkononi tayari. Nimesafisha upande wa mbele tu, pembeni pembeni, pamba ilitoka nyeusi. Vidoa vipo, alama ya maji ipo, selotepu imetoka nailoni tu. Nimeihamishia ukuta wa korido.

Swali la mwisho, Fundi: mkia nikate nirudie, au niache?

Fundi Perspeksi

Acha. Ukikata utapoteza milimita moja, na rangi ya mzee itaondoka nayo. Iweke kabatini imegeukia kulia, haitaonekana.

Kitunguu Swaumu

Mzigo wangu wa Mwanza nimepeleka kwa basi.