Hivi unabii wa zamani tunaweza kuuamini kama utabiri wa kweli?

Mtafuta Kweli

Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanisumbua mwezi mzima sasa na kila nikiligusa kwa watu wa karibu wanadhani nataka kuacha imani, sio hivyo, nataka kuelewa tu. Tangu mdogo nimefundishwa kwamba unabii uliotimia ndio ushahidi mkubwa kuliko wote, na mfano uliokuwa haukosi ni mji wa Tiro. Ezekieli 26 inasema Nebukadreza mfalme wa Babeli atakuja na farasi na magari, atabomoa kuta, mji utakuwa mwamba mtupu wa kutandazia nyavu na hautajengwa tena. Sasa safari hii sikuishia hapo nikaendelea kusoma, nikafika sura ya 29 mstari wa 18 nikakuta nabii huyohuyo anasema Nebukadreza na jeshi lake wamefanya kazi kubwa juu ya Tiro na hawakupata malipo yoyote, kwahiyo watapewa Misri badala yake. Nikakaa kimya. Kwa nini sikuwahi kusikia mtu anahubiri hiyo sura? Na kama ule wa kwanza haukutokea vile ulivyosemwa, hizi nyingine tunazipimaje? Naomba tujadiliane kwa heshima tafadhali.

Nuru ya Asubuhi

Mkuu swali zuri ila usikimbilie kuhukumu. Angalia vizuri Ezekieli 26, mistari ya katikati inasema "yeye" yaani Nebukadreza, halafu mstari wa 12 inageuka inakuwa "wao", na hao wao ndio watakaotupa mawe na miti na mavumbi majini. Mwaka 332 KK Aleksanda Mkuu, yule mfalme wa Wagiriki, alifika pale, mji wenyewe ulikuwa kisiwani, akachukua kifusi cha mji wa zamani wa bara akakimwaga baharini kutengeneza njia mpaka kisiwani, akauteka baada ya miezi saba hivi. Ile njia ipo mpaka leo, mchanga umejikusanya kisiwa kimeungana na bara. Mtu wa karne ya sita KK angejuaje habari ya kumwaga mawe baharini? Kwangu hilo sio dogo.

Kalamu Nyeusi

Nuru nakuheshimu na hiyo ya mstari wa 12 ni kweli kabisa, wengi hawaioni. Ila Tiro baada ya Aleksanda ulijengwa tena. Paulo alikaa pale siku saba, soma Matendo 21, na leo upo Lebanon unaitwa Sur, watu wanaishi. Hilo la "hutajengwa tena" huwezi kuliokoa bila kulibana sana maneno yake.

Lakini mimi nataka niseme kitu tofauti kidogo na wanaosema basi ni uongo. Sheria ya kwanza ukikutana na unabii wowote, wa dini yoyote, uliza mambo mawili: maandishi haya yalikuwepo lini, na tukio lilikuwa lini. Wamisri wa kale wana andiko la Neferti, linasimulia mtu mwenye hekima mbele ya Farao Sneferu akitabiri fujo na kwamba atakuja mfalme aitwae Ameni kurudisha amani. Ameni huyo ni Amenemhat wa kwanza, aliyetawala karne kadhaa baada ya Sneferu, na wataalamu wanakubaliana andiko liliandikwa enzi zake yeye au baada yake. Utabiri wa nyuma, umevalishwa nguo ya kale. Ilikuwa njia ya kawaida ya kuandika zamani na hatuwezi kujifanya haikuwepo.

Danieli 11 ni hivyohivyo kwa maoni ya wataalamu wengi. Inafuata wafalme wa kaskazini na wa kusini vita baada ya vita mpaka Antioko IV, mfalme wa Siria, anayenajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK, usahihi wa kushangaza, halafu kuanzia mstari wa 40 ghafla mambo hayaendani na historia tena, mfalme anatabiriwa mwisho wake kati ya bahari na mlima mtakatifu wakati Antioko alifia Uajemi mwaka 164 KK. Pale usahihi unapokatika ndipo mwandishi alipokuwa amesimama.

Nuru ya Asubuhi

Hapo wapo wanaosema mstari wa 40 unaruka kwenda siku za mwisho. Na magombo ya Qumran je, yale maandishi ya kale yaliyopatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi? Isaya nzima imepatikana kule na inamtaja Koreshi mfalme wa Uajemi kwa jina kabla hajazaliwa.

Kalamu Nyeusi

Gombo kubwa la Isaya ni la karne ya pili KK, Koreshi aliiteka Babeli 539 KK. Linathibitisha Isaya ilikuwepo kabla ya Yesu, hilo halina ubishi, ila kwa Koreshi limechelewa miaka mia nne hivi, haliwezi kuamua.

Bint Yusufu

Asalaam alaykum wote. Mnazungumzia Biblia tu, naomba niongeze Surat Rum. Inasema Warumi wameshindwa na kwamba watashinda ndani ya miaka michache, neno la Kiarabu pale ni bidh'i, kati ya mitatu na tisa. Waajemi waliichukua Yerusalemu 614, wakachukua Misri, jeshi lao likafika ng'ambo tu ya Konstantinopoli, hali ile hakuna mtu angewategemea Warumi. Halafu Heraclius, mfalme wa hao Warumi, akaanza kupiga 622 na 627 akawavunja karibu na Ninawi. Hapa kuna muda umetajwa na mshindi ametajwa, sio maneno ya kuzunguka kama yule kuhani wa Delphi kule Ugiriki aliyemwambia Croesus mfalme wa Lidia akivuka mto ataangusha ufalme mkubwa na kumbe ufalme wenyewe ulikuwa wake.

Kalamu Nyeusi

Waalaykum salaam dada. Huo nakubali ni mfano wenye nguvu kuliko mingi kwa sababu unaweza kupimwa. Mwenye shaka atasema dola mbili zinazopigana muda mrefu zinapokezana ushindi, na atauliza miaka inahesabiwa kuanzia lini, maana kutoka 614 mpaka 627 ni zaidi ya tisa ila mpaka 622 inaingia. Sitajifanya nimelimaliza.

Mzee wa Kusoma

Mmesahau kitu. Manabii wenyewe hawakuona unabii kama ratiba. Yeremia 18 inasema wazi taifa likigeuka Mungu anaghairi mabaya aliyosema. Yona alitangaza siku 40 Ninawi iangamie, haikuangamia na yeye akakasirika. Na Yeremia 26 wazee wanasimama kumtetea Yeremia asiuawe, wanasema Mika alitabiri Sayuni italimwa kama shamba enzi za Hezekia na haikutokea kwa sababu mfalme alimwogopa Bwana. Karne moja baadae bado wanaukumbuka unabii ambao haukutimia, na wanamwita nabii wa kweli!

Halafu rudi kwa Ezekieli. Sura ya 26 ina tarehe yake na ya 29 ina yake, kati yake miaka kama 16. Waandishi wangeweza kabisa kuifuta ile ya kwanza, hawakuifuta. Kwa hiyo ule wa Tiro uliokusumbua ndio tunaweza kuwa na uhakika nao zaidi kwamba kweli ulisemwa kabla ya tukio, maana hakuna anayetunga utabiri wa nyuma halafu akosee.

Mtafuta Kweli

Mzee hilo la mwisho limenifanya nirudi kusoma tena usiku huu. Ule mstari wa 18 nilikuwa nasoma haraka nitafute kosa, sikuona kwamba anasema kila kichwa kilipata upaa na kila bega lilichubuka kwa kubeba. Wanahistoria wanasema wale askari walikaa pale miaka 13.