Kujifunza elektroniki nyumbani bila chuo: lehemu haishiki

Kijana wa Likoni: Assalam aleikum wakubwa. Najifunza kutengeneza redio na chaja mwenyewe, karo ya chuo sina. Nina mita ya dijitali na kifaa cha kulehemu cha wati 40, lakini lehemu yabiringika tu juu ya bodi, haishiki. Kwa nini? Na je, cheti chapatikana hivi hivi?

Fundi Majengo: Waaleikum salaam mdogo wangu. Shaba hiyo ni chafu au haijapata moto. Huku kwetu hewa ya chumvi huichafua upesi. Ikwangue kwa wembe mpaka ing'are, paka flaksi kidogo (dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike), gusisha ncha ya kifaa cha kulehemu kwenye shaba na mguu wa rezista (kipande kinachopunguza umeme) kwa pamoja kama sekunde 2, ndipo ulishe lehemu upande wa pili. Usiiyeyushe kwenye ncha kisha ukaibeba: flaksi iliyo ndani ya lehemu huungua njiani, nayo ndiyo ifanyayo kazi yote. Ukikawia sana, utepe wa shaba hubanduka. Tafuta lehemu ya 60/40, yaani bati 60 na risasi 40, huyeyuka kwa urahisi. Risasi ni sumu, kwa hivyo nawa kabla ya kula. Fanyia mazoezi bodi mbovu, mafundi wa redio wanazo tele.

Mama Hesabu: Mikono peke yake haitoshi, mwanangu. Chukua betri ya volti 9, taa nyekundu ya LED na rezista ya omu 470. Taa hula kama volti 2, zabaki 7. Gawanya kwa 470, wapata kama ampea 0.015, yaani miliampea 15. Andika jibu daftarini kwanza, ndipo upime. Asiyeandika hukubali namba yoyote mita itakayoonyesha, na hapo ndipo wengi wanaojisomea hukwama. Ukipima ampea, mita ikae ndani ya njia ya umeme. Ukiiweka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi yake hukatika.

Fundi Majengo: Na chaja ziache kwanza, tafadhali. Kapasita kubwa ya ndani (kipande kinachohifadhi umeme) hubeba karibu volti 340 kutokana na stima ya 240, na zaweza kubaki hata ukishaichomoa. Anza na redio za betri.

Mwana Kisauni: Kuhusu cheti, NITA, yaani mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi viwandani, hutahini mafundi hata waliojifunzia mtaani. Daraja la III ndilo la kuanzia, la I ndilo la juu. Wana kituo hapa Mombasa. Nenda ukaulize mapema sehemu ya vitendo yataka nini, kisha ufanye mazoezi kwa kufuata hiyo.