Mjadala: Mtoto mwenye usonji afundishwe shikamoo kwa zawadi?

Mama wa Majengo, Moshi (mwanzisha mada)

Wakuu, tujadili bila matusi. Desemba tulipanda Kibosho kama kawaida. Mwanangu ana miaka mitano, ana usonji (autism), hamsalimii mtu. Bibi yake akasema mbele ya ukoo mzima: "Huyu mtoto hana tabia." Tuliporudi mjini tukamwanzisha tiba ya tabia. Jina lenyewe limeniponza, maana nilipomweleza mama mkwe alijibu, "Si nilisema?"

Kwenye mazoezi anapewa kipande cha tikiti kila akisema "shikamoo" huku anamtazama mtu machoni. Wiki ya sita ameanza kuitoa, baba yake ana furaha kama kashinda bahati nasibu. Juzi nimemkuta anaamkia friji. Tikiti si hukaa humo?

Nauliza: tunamfundisha kwa ajili yake au kwa ajili ya wageni? Bado hawezi kuniambia ana kiu, wala kwamba sikio linamuuma. Kwangu mimi tikiti lianzie huko. Shikamoo isubiri.

Baba wa watatu, Sakina, Arusha

Napinga, dada. Mtoto asiyesalimia huku kwetu anaonekana jeuri, na wewe unaonekana hukulea. Nani atamwelewa kwenye daladala ukiwa haupo? Halafu tiba hii si ya kubahatisha. Ivar Lovaas, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha matokeo yake mwaka 1987: watoto 19 walifundishwa hivyo, kama saa 40 kwa wiki, na 9 kati yao wakamudu darasa la kwanza la kawaida. Kaza buti.

Mwalimu wa kitengo, Arusha

Ndugu wa Sakina, malizia hadithi. Lovaas huyohuyo miaka ya 1960 aliwapiga watoto shoti ya umeme ili waache tabia fulani, na hata katika huo utafiti wa 1987 kofi la pajani lilikuwemo. Tena watoto hawakugawanywa kwa kura. Aliyeingia kundi la saa 40 aliingia kwa kuwa walimu wa kumhudumia walipatikana. Na hizo saa 40 ni mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja. Mimi nimesomea elimu maalum Patandi, pale Tengeru, na bado sijui hao watu wazima ningewatoa wapi.

Lakini njia yenyewe siitupi. Nilikuwa na mvulana aliyepiga kelele na kujing'ata mkono kila siku kabla ya uji. Wenzangu walitaka anyooshwe, na mnajua walimaanisha nini. Nikachukua daftari nikawa naandika mambo matatu tu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Siku ya nne nikaona. Kengele yetu ni rimu ya lori, imening'inia kwenye mti nje ya dirisha lake. Alikuwa akimwona wa zamu anaokota nondo, anaanza kulia kabla haijagongwa. Tukaihamishia rimu upande wa jikoni. Mkono ukapona. Hiyo nayo ni tiba ya tabia, na hakuna aliyemgusa mtoto.

Msomaji, Himo

Mimi nilisikia ni chanjo ndizo zinaleta usonji.

Mwalimu wa kitengo, Arusha

Hapana. Maneno hayo yalienezwa na daktari Andrew Wakefield mwaka 1998 kwa makala ya watoto 12 tu. Jarida la Lancet liliifuta makala yake 2010, naye akafutwa kwenye rejista ya madaktari Uingereza. Tuendelee.

Anayefanya mazoezi na watoto, Moshi

Niongeze la macho. Watu wazima wengi wenye usonji wamesimulia kwamba kumtazama mtu machoni kunawachosha, wengine kunawaumiza. Na jamani, nani humu alilelewa kumkodolea mkubwa macho wakati wa kumwamkia? Mimi ningelambwa kofi. Tumenakili zoezi na mila za wenyewe humo humo.

Mama wa Majengo, piga picha kikombe chake mwenyewe, ibandike kwenye boksi gumu. Akikupa kadi, mpe maji papo hapo, hata kama mezani kuna wageni. Usimshike mkono kumlazimisha aseme. Kadi haimzuii kuongea. Wapo wanaoanza na kadi maneno yakafuata.

Baba wa watatu, Sakina, Arusha

Sawa, kwenye macho mmenishika. Ila shikamoo sijaiachia.

Mama wa Majengo, Moshi

Narudi baada ya wiki tatu. Jana saa nane usiku niliamshwa na kitu kigumu puani. Kadi ya kikombe. Akanywa, akarudi kulala. Baba yake alikaa kitandani hadi alfajiri, hakusema kitu.

Ndugu wa Sakina, friji bado ndilo linaloamkiwa.